Ufunguo wa Geti la Nyuma

Jukwaa letu la Mpwapwa ni la mbao na mataruma,
mataruma ya reli, yaliyoletwa kwa tela kutoka Gulwe
enzi baba yangu bado anacheza winga.
Yamekunywa oili ya treni miaka na miaka.
Jua la Agosti likiyapiga yanatoa jasho jeusi
linalochafua suruali za mashabiki,
nasi hucheka, tukisema huo ndio muhuri wa mwenyeji.

Chini yake hakuna aliyekuwa akienda
ila kuku wa Mama Sechelela na wavulana wasio na kiingilio.
Huko ndiko tulikotupa, msimu juu ya msimu,
maganda ya karanga, magunzi, magazeti, tiketi zilizochanwa,
nyasi zilizofyekwa zikaachwa.
Mtungi mwekundu wa kuzimia moto ulikuwepo, sisemi uongo:
ofisini kwa katibu,
umeuzuia mlango usibamizwe na upepo.

Mimi nilikuwa mtu wa geti la nyuma.
"Mlugu, wapita bure wanatumaliza," alisema katibu. "Funga."
Nikafunga. Mnyororo, na kufuli la shaba.
Ufunguo nikauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu
kama mtoto aliyevishwa hirizi.

Dakika ya sabini na moja, Gulwe wakapewa penalti.
Ukiwa geti la nyuma penalti huioni.
Nikazunguka.
Hatua mia na arobaini. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi.

Kipa wa Chuo aliudaka mpira. Ndiyo, aliudaka,
na hadi leo siwezi kuifurahia ile mikono,
maana kelele zilizofuata hazikuwa za mpira.

Moshi ulianza mwembamba, kama wa mtu anayekoka jiko la jioni.
Kisha upepo wa Kiboriani ukashuka
ukaingia chini ya mbao
kama mgeni aliyealikwa.
Watu mia tatu wakakimbilia nyuma.
Nyuma kulikuwa na mnyororo wangu.

Sikumbuki kukimbia.
Nakumbuka kamba ya kiatu ikigoma kupita kichwani.
Nakumbuka vidole vimepenya kwenye upenyo wa geti,
vidole vingi, pete moja ya ndoa,
na mtoto ambaye hakulia, aliuliza tu,
kwa sauti ya darasani:
"Mwenye ufunguo yuko wapi?"

Hakufa mtu.

Chiduo muuza maji alimwaga madumu yote ishirini na manne,
na hakuna aliyemlipa.
Mama Sechelela alivunjika mkono.
Viatu tuliokota arobaini na tatu.
Kile kimoja kisicho na mwenzake
kilikaa ofisini mpaka mvua za Desemba.

Kikaoni mwenyekiti alisafisha koo.
"Ajali haina kinga," akasema,
na vichwa vikaitikia, na karani akaandika.
"Ina," nikasema. "Hii hapa."
Nikauweka ufunguo mezani, na kamba yake.
Katibu akageuza macho, akatazama mlango.
Mtungi mwekundu ulikuwa bado umeuzuia.
Penalti sikuitaja siku ile.
Naitaja hapa.

Sasa siku za mechi nafungua saa sita
na geti halirudishwi hadi filimbi ya mwisho.
Nakaa kwenye kiti cha chuma, mgongo nimeupa uwanja.
Wapita bure nawahesabu; Jumatatu nampelekea katibu idadi,
akitaka akate kwenye posho yangu.
Mabao nayasikia. Ya Chuo yana miluzi,
ya Gulwe yana debe.

Juzi ilitolewa penalti nyingine.
Nilijua kwa jinsi uwanja mzima ulivyonyamaza.
Shingo ikaniwasha, pale kamba ilipokuwa ikikaa.
Nikatazama geti.
Mbuzi wa mtu alikuwa amesimama katikati ya njia.
Nikainuka nikamwondoa.