Chaki Mbili

Mwaka jana nilikimbia kwa hasira.
Nusu marathoni. Kufika kilima cha Mweka
paja likajifunga fundo,
nikarudishwa mjini juu ya pikapu
kati ya mizigo miwili ya majani ya ng'ombe,
namba bado imebanwa kifuani kwa pini zangu mwenyewe.

Pini za fundi. Nashona Double Road,
barazani kwa duka la vitenge, miaka ishirini na miwili,
na miguu yangu ilijua kazi moja:
kukanyaga pedali.

Sasa mwalimu wangu ni Elinami, mtoto wa dada,
kidato cha tatu, mwanya mbele,
hana haya na mjomba.
Saa kumi na moja na nusu alfajiri, darajani Rau,
ananipa chaki mbili za kupimia, zile bapa,
moja kila kiganja.
"Ukizivunja, umebana ngumi.
Ukibana ngumi, umebana bega.
Ukibana bega, mjomba, rudi ukalale."

Siku ya kwanza nilirudi na unga.

Taratibu, anasema, na taratibu yake ni taratibu kweli:
ya kuongea sentensi nzima bila kukata,
ya kusalimia kila geti na kungoja kuitikiwa,
ya kupitwa na akina mama wa Uru
wanaoshuka sokoni na mikungu kichwani.
Wao wanatembea, mimi nakimbia, na wamenipita.
Mmoja aligeuza macho tu, akauliza kama naumwa.
Vijana wa bodaboda kijiweni: "Mzee, mafuta yamekata!"
Nikataka kuongeza. Aibu ina gia yake.
Elinami akanidaka shati.
"Watazame shingo."

Nikatazama. Mkungu hautikisiki.
Chini nyonga zinafanya kazi,
juu kumetulia kama maji ya mtungi,
macho yako mbele, hatua kumi na tano,
na mguu unatua pale pale mwili ulipo,
hautangulii kama wa mtu anayepima dimbwi.

Mimi nimepima madimbwi maisha yangu yote.

Haraka inaficha. Hilo nalijua mezani:
endesha cherehani mbio, mshono utapinda
na hutajua mpaka mteja avae.
Ukienda taratibu unaona kila tundu la sindano.
Basi nikayaona yangu:
kisigino cha kulia kinagonga lami kama nyundo,
mkono unavuka kitovu kwenda kumsalimia mwenzake,
kichwa kimetangulia mwili
utadhani kinamfukuzia mdeni.
Miaka arobaini na sita, na sikuwahi kuambiwa.

"Fupi. Nyepesi. Hesabu."
Nikahesabu, nikapotea, nikaanza upya,
wiki tatu hivyo, nne,
hadi asubuhi moja mguu ukakumbuka pedali:
ta-ta-ta-ta, ile ya kupiga upindo wa shuka,
huikazi, huilegezi,
uzi unapita wenyewe.

Kutoka msikitini hadi kwenye mikaratusi,
labda hatua sitini,
sikusikia nyayo zangu.
Goti lilinyamaza.
Mlima ulikuwa umevua wingu, Elinami ananiambia;
mimi sikuuona.
Halafu nikajigundua kwamba naweza,
na papo hapo chaki ya kushoto ikakatika.

Alicheka mpaka akakaa chini, kwenye vumbi, na sare ya shule.
Kipande ninacho bado.
Leo nimechorea nacho kola za wanakwaya,
nikikishika kama kitu kinachoweza kuumia.

Wanaita: fundi, kazana, harusi Jumamosi.
Nasikia.
Nafumua mshono wa jana. Umepinda
unene wa uzi, si zaidi,
chini ya kwapa,
mahali ambapo hakuna ambaye angetazama.