Chini ya Neno

Leelo amerudi dawatini kwangu, theluji bado mabegani,
kompyuta kaikumbatia kama mtoto mwenye homa.
Saa mbili kasorobo usiku, na Tartu nzima imejifungia ndani.
"Profesa Raivo ameandika pembeni, kwa wino mwekundu,
neno moja tu: Ukurasa?
Na mimi ukurasa sina."

Hata mimi sina. Ile kamusi elezo ilihama kwenye karatasi
mwaka wangu wa tatu kazini. Majuzuu ishirini na mawili
tuliyashusha ghalani kwa toroli lenye gurudumu bovu,
na tangu hapo haina mgongo wala gundi,
ni utepe tu unaoteleza,
usio na kushoto, usio na kulia,
usio na pale unapolamba kidole ili ufunue.

Zamani tulijua. "Kinamasi": juzuu la tisa,
ukurasa mia tatu na kumi na nne,
chini kidogo ya doa la kahawa
ambalo hakuna aliyekiri kuwa ni lake.
Doa lile lilikuwa anwani.

Haya, keti, namwambia.
Andika kidahizo, maana neno halihami nyumba:
chini ya "Kinamasi". Kisha kichwa kidogo, "Mboji".
Kisha tuhesabu aya.
Tunahesabu, kidole chake na kalamu yangu,
moja, mbili,
"Na hii orodha, nayo ni aya?"
"Iruke."
Hadi ya saba: mboji hunenepa
milimita moja kwa mwaka.

Jumatatu yuko tena mbele yangu, uso umemshuka.
Mtu fulani, usiku, kachomeka aya huko juu,
na saba yetu imekuwa nane.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.
Basi tia tarehe, nikasema, na saa ukitaka.
Huwezi kumwambia Profesa kitu kiko wapi;
mwambie wewe ulikuwa wapi
kilipokuwa pale.

Alipotoka nikachukua tochi, nikashuka ghalani.
Juzuu la tisa. Mia tatu na kumi na nne.
Doa lipo, limepauka tu kingo.
Chini yake, kwa herufi zilizotulia:
mboji hunenepa sentimita moja kwa mwaka.

Kosa. Kosa tupu, mara kumi ya kweli,
na miaka yote hii halijasogea hata mstari.
Ukitaka kulinukuu,
ukurasa upo.