Vigingi Kumi na Kimoja

Mkoba uliandikwa kumi na viwili.
Tulihesabu mara tatu juu ya nyasi za Edale,
mimi kwa sauti, Sudi kwa macho tu,
na mara zote tatu vikatoka kumi na kimoja.
Hema nililinunua mtumba, pauni kumi na tano,
kwa bwana mmoja aliyeapa kwamba halivuji.
Kuhusu vigingi hakuapa.

Upepo ulikuwa umeshajua.
Ulishika ile pembe isiyo na mwenyewe
ukaipiga, pa, pa, pa,
kama mgeni abishaye bila kungoja karibu.

Ndipo nikautoa mwiko.
Mwanahawa aliufunga ndani ya kanga pamoja na sembe,
akasema, huko mkale chakula, si biskuti.
Nikaupigilia ardhini kwa jiwe.
Sudi akatazama. "Mama akijua?"
"Huu sasa ni mwiko," nikamjibu,
nikacheka peke yangu,
maana mtoto wa Sheffield anaujua wa kusongea tu,
hajui kwamba neno hilo lina mlango wa nyuma.

Jirani yetu, bibi mwenye mbwa wa jicho moja,
alituona tukisonga ugali kwa fimbo ya kutembelea
(tuliiosha, wallahi tuliiosha),
akaleta chai kwenye kikombe cha bati
na habari kwamba mvua itafika saa tisa.
Ilifika saa nane na nusu.

Miaka kumi na minne naendesha basi mji ule.
Kituo cha mwisho nageuza gari,
vilima vinapita kwenye kioo kimoja, kisha kingine,
sikuwahi kuuliza vinaitwaje.

Jumapili tukapanda. Ngazi za mawe,
kondoo wakitutazama kama makarani
waliokwisha kuona kasoro kwenye fomu yako.
Na juu, hakuna kilele. Hilo lilinikera.
Nilidhani mlima una ncha: ufike, useme nimefika.
Huu una uwanda tu wa mboji,
mweusi kama kitako cha sufuria,
na mitaro inayopinda; ukitoka huu, unaingia ule.

Kisha ukungu. Hatukuuona ukija,
tuligundua tu kwamba tumo.
Sudi, aliyekuwa mbele na ramani,
akawa koti jekundu,
akawa wekundu,
akawa hayupo.

Nikamwita kwa Kiingereza kwanza,
sijui kwa nini,
labda kwa kuwa ukungu ulikuwa wa kwao.
Kimya.
Nikaita kwa sauti niliyokuwa nikiitwa mimi,
ile inayoanzia tumboni
na kuvuta irabu mpaka ivuke ukuta wa jirani:
Sudiiii!

Na kutoka nisikopaona, chini kidogo, kushoto:
"Naam!"

Hajawahi kuniitikia naam.
Nyumbani ni "nini?" nyuma ya mlango uliofungwa,
au bega linalopanda na kushuka.
Sijui aliliokota wapi neno hilo;
kwa babu yake kwenye simu, pengine,
au lilikuwa mfukoni mwake siku zote
pamoja na makaratasi ya pipi.
Nikaita tena, bila haja yoyote.
"Naam! Baba, usisogee. Dira ninayo mimi."
Nikasimama kama nilivyoamriwa,
maji yakiingia kiatu cha kulia.

Hema tulilikunja limelowa, kwa haraka,
na lilivuja, lile hema, bwana yule alaaniwe kidogo.
Vigingi nilivihesabu: kumi na kimoja, kamili.
Ni jana tu nimekumbuka
ile pembe iliyokuwa inaelekea mto.

Mwanahawa ameulizia mwiko wake mara mbili.
Mara ya kwanza nilikohoa.
Mara ya pili ikaja sauti kutoka chumbani,
mlango ukiwa wazi vidole vinne hivi:
"Mama, kuuliza hayo ni mwiko."