Mguu wa Kushoto

Kabla ya kuwa babu yangu alikuwa winga,
Anacleti Kafwimbi wa kambi ya wafanyakazi,
miguu mitupu, ugoko umepakwa mawese
ili teke la beki liteleze.

Mwaka wa ishirini na tisa, alivyosema yeye
(kitabu chake cha kazi kinasema ishirini na nane),
aliwafunga wa Likasi mabao matatu
kabla moshi wa bomba kubwa haujageuka upande.
Kampuni ikamlipa: blanketi moja,
samaki wa chumvi wa Luapula,
na ruhusa ya kukosa zamu ya usiku
hadi Jumanne.

Kwenye picha amesimama wa mwisho, pembeni,
kama herufi iliyosahauliwa ikaongezwa.
Chini yameandikwa majina ya mabwana watatu wenye kofia za jua,
na jina la mbwa.

Halafu bei ya shaba ikaanguka, huko tusikokujua.
Meneja alisoma majina kwa alfabeti.
K ilifika mapema.
Treni ya Sakania, sanduku la mbao, blanketi lile lile.
Aliporudi miaka minne baadaye
namba yake ilikuwa na kijana mwingine,
na goti lililia kama mlango wa kanisa.
"Nilikuwaka nakimbia, weye!" aliniambia.
Basi. Miaka minne hiyo hakuisimulia.

Nilipomjua mimi alikuwa fundi viatu, Kamalondo,
kibanda cha bati nyuma ya baa,
misumari mdomoni, hivyo habari zake zote
nilizisikia kupitia meno yaliyobanwa.
Yeye ambaye hakuwahi kuvaa kiatu uwanjani
alimsoma mtu kwa soli:
huyu anaburuta kisigino, ana deni;
huyu mama anasimama mno;
huyu, na akageuza raba mara mbili mwangani,
huyu angekuwa winga.

Watoto wakileta mpira uliopasuka
hakudai hata likuta.
Alishona polepole, uzi wa nta,
akaujaza pumzi, akauweka chini,
kisha akawafukuza: "Mwende inje kwanza. Mungojee."

Mimi nilibaki; mjukuu wa kike hahesabiwi.
Nikaona kandambili ikivuliwa,
mguu wa kushoto ukipanda juu ya ngozi
na kutulia pale,
goti likitetemeka kidogo,
macho yakimtafuta beki
kati ya viatu vya watu.