Asiyejua Hodi

Shaame wa Tibirinzi anauza ndege, misumari na betri,
vyote juu ya ubao mmoja.
Akanipangia matundu matatu: chagua, dada,
kasuku wadogo hawa, wa mkononi,
si wale wakubwa wanaotafuna mlango.

Sikuja na moyo mweupe, nilikuja na hesabu.
Nyumbani Limbani nina chiriku wawili,
tetere mmoja asiyeona jicho la kushoto,
na kuku wa jirani ambaye hajui kuwa si wangu.
Ukimtoa kuku, wote wa Khatib.
Aliondoka yeye, wao wakabaki wakidai mtama
alfajiri ile ile, kana kwamba hakufa mtu.

Wasema ndege wa rangi moja ndio warukao pamoja.
Kwangu hakuna rangi moja hata mapazia.
Basi natazama midomo.
Mdomo wa kasuku ni koleo,
mguu wa chiriku ni njiti ya kiberiti:
ukikosea kuchagua, asubuhi utafagia vidole.

Tundu la kwanza wawili, mashavu rangi ya papai,
wameegemeana kama maharusi wa fungate.
Hawa watafungia dunia nzima nje.
Sitaki ndoa nyingine ndani, ya kutazama.

Tundu la pili Shaame akaligonga kwa ukucha.
Msikilize huyu, huyu ndo mali.
Kijani cha mgomba mchanga, kifua mbele,
akainamisha kichwa, akatoa sauti ya mtu mzima:
Hodi.
Hodi humu.
Duka la pili wakacheka. Mtoto mmoja akamjibu, karibu.

Nami nilikuwa nishasimama.
Miguu ilinyanyuka kabla yangu,
mkono ukatafuta komeo hewani,
maana Khatib naye alipiga hodi nyumbani kwake mwenyewe
miaka ishirini na tisa,
ati ndege wasishtuke.

Shaame akataja bei. Nikasema, si pesa.
Huyu atanisimamisha mara kumi kwa siku,
na mara zote kumi
nitafungua.

Wa tatu ni rangi ya majani ya chai yaliyokwisha chemka.
Ukucha mmoja hana.
Nilipopenyeza kidole chenye mtama alihamia pembeni,
akangoja,
akaja kwa ubavu, akachukua punje moja, akarudi kwao.
Huyo hajui neno, Shaame akanionya,
miezi minane yuko hapa, hata mluzi.
Nikauliza, aliwahi kumng'ata mwenzake?
Akafikiri, huku akimpimia mtu misumari.
La. Yeye ndiye aliyeng'atwa.

Nikalifunika tundu kwa kanga ya pili.
Shaame akanifuata hadi barabarani, akipiga kelele:
usimtie kwa wenzake leo wala kesho!
Chumba chake, bakuli lake, siku arubaini,
wasikizane ukutani kwanza!
Nikacheka peke yangu njia nzima.
Mimi nimetoka eda juzi,
yeye ndo anaingia.

Mafunda, mwenye yule kuku, akachungulia uani:
mjane na kasuku, siri za nyumba zimekwisha.
Nikamwambia huyu bubu,
hata ile chumvi yangu uliyoazima hataitaja.

Leo siku ya kumi na moja.
Yumo chumba cha nguo,
ambako koti la Khatib bado liko msumarini
na sijalipa mtu.
Tetere hulia upande huu, tuu, tu-tuu.
Upande wa pili kimya,
kisha punje inapasuka: ta.
Tetere hugeuza jicho lake zima ukutani.

Jioni nimelisogeza tundu karibu na mlango,
shubiri moja.
Shubiri moja tu. Kesho nitaona.