Mto Uliochuja Bwawa

Yalitoka kisimani meupe, mita sitini chini ya Shangani,
ungeyatia kwenye glasi ungeapa.
Meneja Nalinga akasema, ongeza klorini, Jumamosi kuna harusi.
Nikaongeza. Kufika adhuhuri
bwawa zima lilikuwa chai ya rangi.

Sikuyachafua mimi.
Klorini haikuleta kitu, ilikifichua tu kilichomo:
chuma, kimelala ndani ya maji kama deni la ukoo,
halitajwi mpaka siku ya posa.

Nikatia shabu, nikazima pampu, nikalala kibandani.
Asubuhi kutu imetua chini, laini,
ukiigusa kwa kidole cha mguu inaamka.
Mchanga wa chujio haukuiweza; iliingia huku
ikatokea kule, kama mgeni aliyekosea mlango.

Ndipo Somoe wa udobi akanitupia mto,
mto wa kulalia, wa chumba namba tisa,
umepasuka ubavuni, sufi inachungulia.
"Mito yote hutoa maji," akasema,
"huu wako ufunze kunywa."

Nikatoboa ndoo, nikashindilia sufi, nikaelekeza mpira.
Siku mbili, na usiku wake.
Kila baada ya saa nne nang'oa donge zito, jekundu,
naweka jipya.
Mto ulipokwisha akaleta mwingine. Na mwingine.
Wageni wa namba kumi walilalia taulo.

Madoa ya ngazini niliyamaliza kwa ndimu,
vidole vikichonyota.
Ijumaa jioni nikaona vigae vya chini,
hata kile kilichopasuka, hata pini ya nywele ya mtu.

Nikapiga hesabu kwa kalamu ya mapokezi:
chuma chote cha bwawa lile
hakifiki misumari kumi.
Misumari kumi, ikasagika,
ikatuficha sakafu.

Nyumbani Naliendele tunachota mshipa uleule.
Shati la shule la Nuruana
halijawahi kuwa jeupe zaidi ya wiki moja,
na mwalimu humwita mbele.

Jumamosi bwana harusi alirushwa majini na shemeji zake,
nasikia walishangilia.
Mimi nilikuwa juu ya bodaboda, ndoo mapajani,
na ndani ya ndoo
mto wa chumba namba kumi na moja,
haujalaliwa.