Tarumbeta ya Asava

Malimau mawili kutoka soko la Mbale,
chumvi kiganjani, fulana iliyochakaa:
nasugua.
Weusi unatoka shingo upande
kama mdaiwa.

Kwenye maungio ya mabomba kijani kimeganda;
hapo napitisha mswaki mkuukuu, polepole,
maana Asava alizoea kusema
shaba haikwanguliwi, hubembelezwa.

Miaka kumi na tisa juu ya kabati la Mama Rasoa,
tangu bendi ya kanisa ilipomzika mumewe
bila sauti ya pili.

Sasa, karibu na mdomo mpana,
herufi zinachomoza, zimekwaruzwa kwa msumari.
Si Asava.
E. Kisia.

Ni nani huyu, Mama?

Hajibu.
Anachukua limau jingine,
analikamua mpaka mbegu zinaruka.